Rafiki yangu anabaguliwa kwa tabaka lake chuoni India. Nirushe video niliyorekodi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja magharibi mwa India. Mwenzangu wa chumba bwenini ni Mdalit, yaani wa matabaka yaliyohesabiwa kuwa ya chini kabisa na najisi kwa kuzaliwa. Tangu orodha ya udahili izungushwe kwenye grupu la WhatsApp la darasa, ikionyesha nani aliingia kwa nafasi maalumu za matabaka, maisha yake yamebadilika. Wanamwita "kota", wanatuma vikatuni vya kumdhihaki Ambedkar, kiongozi mashuhuri wa Wadalit, na meza anayokaa kantini hubaki tupu. Majuzi mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alimtukana kwa jina la tabaka lake ukumbini, mbele ya watu, nami nikarekodi kwa simu. Nina skrinishoti pia. Siku hizi haendi darasani, anakula kidogo, na nikimuuliza kama nirushe video anasema "fanya unavyoona". Nina wafuasi kama elfu arobaini Instagram, wengi wako Tanzania na Kenya. Wanafunzi wenzangu Wahindi wananiambia mambo ya tabaka yaliisha zamani. Wengine wanasema hiyo ni dini yao, mgeni nikae kimya. Nataka kusaidia. Nirushe? Na nikirusha, nifanyeje isije ikamgeukia yeye?

Marahaba, mdogo wangu.

Umeuliza mambo mawili, kama urushe na urusheje. Lakini barua yako ina jambo la tatu ambalo hukuliuliza, nami naanzia hapo. Kijana haendi darasani, hali chakula inavyopaswa, na akiulizwa jambo linalogusa maisha yake yote anajibu "fanya unavyoona". Mimi sioni ridhaa hapo, naona uchovu. Kwa hiyo kabla ya Instagram, kaa naye leo, ninyi wawili tu, umuulize bila kuzunguka kama amewahi kufikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo. Halimpandikizii. Anayewaza hivyo mara nyingi hupata ahueni kwa kuona kuna aliyethubutu kuuliza. Akikubali, au ukimya wake ukikutisha, usimwache peke yake. Mpigie ndugu yake anayemwamini, na pigeni 14416, namba ya bure ya Tele-MANAS, huduma ya serikali ya India ya afya ya akili inayopokea simu usiku na mchana kwa lugha nyingi za huko. Hatari ikiwa ya papo kwa papo, namba ni 112. Video ingoje.

Sisemi haya kwa kutia chumvi. Januari 2016, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa Chuo Kikuu cha Hyderabad, Rohith Vemula, alijiua baada ya yeye na wenzake wanne wa chama cha wanafunzi wafuasi wa Ambedkar kufukuzwa bwenini. Mei 2019, Payal Tadvi, daktari kijana kutoka jamii ya kikabila iliyotengwa, alijiua Mumbai, na familia yake ikawashtaki madaktari watatu waliokuwa juu yake kwa kumnyanyasa. Mama zao wawili, Radhika Vemula na Abeda Tadvi, walikwenda pamoja Mahakama Kuu ya Juu ya India mwaka huohuo kudai kanuni za kuzuia ubaguzi vyuoni zitekelezwe kweli. Kanuni zilikuwapo tangu 2012. Zilikuwa kabatini.

Sasa tuje kwenye uliyoambiwa na wenzako darasani, maana ukirusha chochote, maneno hayohayo ndiyo yatakayojaa kwenye maoni.

La kwanza, kwamba tabaka liliisha. Wanachokumbuka ni Katiba ya India iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Ibara yake ya 17 imefuta "kutoguswa", yaani ile desturi ya kuwahesabu watu fulani kuwa najisi kwa kuzaliwa. Lakini Bunge lilitunga sheria nyingine mwaka 1955, likatunga kali zaidi mwaka 1989 ya kuzuia ukatili dhidi ya matabaka na makabila yaliyoorodheshwa (ndivyo sheria inavyowaita Wadalit na makabila ya asili), likaiongezea makali mwaka 2015. Bunge halipotezi miaka sitini kupambana na kitu kilichokufa. Utafiti mkubwa wa kaya wa 2011-12 ulikuta kaya kama 27 kati ya kila 100 zikikiri zenyewe kwamba bado zinafuata desturi hiyo kwa namna fulani, na ndoa za watu wa matabaka tofauti zilikuwa kama 5 tu kati ya 100. Takwimu za polisi za mwaka 2022 zina kesi zaidi ya 57,000 za uhalifu dhidi ya watu wa matabaka yaliyoorodheshwa, na hizo ni zile tu zilizokubaliwa kuandikwa kituoni.

Hata hivyo usiwaite wenzako waongo. Wengi wao wanasema wanachokiona. Mtu ambaye jina lake la ukoo halijawahi kumfungia mlango ana haki ya kushangaa ukimwambia milango inafungwa. Hilo likikuingia, utaandika kwa hasira ndogo zaidi, na utasomwa na wengi zaidi.

La pili, kwamba ni dini. Ni kweli yapo maandiko ya kale yaliyotumika kuhalalisha ngazi hizi, na B. R. Ambedkar, Mdalit aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba, alishiriki kuchoma hadharani mojawapo la maandiko hayo katika mji wa Mahad, magharibi mwa India, Desemba 1927. Miezi miwili kabla ya kufa kwake, Oktoba 1956, aliingia Ubuddha pale Nagpur akiwa na umati wa wafuasi wake. Lakini tabaka limevuka dini zote za bara dogo la India. Wapo Wakristo wa Tamil Nadu wanaozikwa makaburi tofauti kwa sababu yake. Masingasinga wanalo, Waislamu wa India na Pakistani wanalo, Nepal wanalo pamoja na kwamba sheria yao ililipiga marufuku tangu 1963. Kwa hiyo usirushe kamwe kitu kinachosema "Uhindu ndivyo ulivyo". Utakuwa umekosea, utakuwa umewapa kisingizio wanaotaka kukunyamazisha, na kisheria utakuwa umekanyaga pabaya, maana kuchochea uhasama kati ya makundi ya dini au ya matabaka ni kosa la jinai India, na kifungo chake hufika miaka mitatu.

La tatu, la ugeni, lina nusu ya ukweli, na ni bora uikubali nusu hiyo. Wadalit hawajakaa kimya wakingoja mtu kutoka Dar es Salaam. Tarehe 31 Januari 1920 Ambedkar alianzisha gazeti lake la Kimarathi, Mooknayak, wakati ambapo gazeti moja kubwa la Pune lilikuwa limekataa hata tangazo lake la kulipia. Leo kuna Khabar Lahariya, iliyoanza 2002 huko Uttar Pradesh kwa mikono ya wanawake wa vijijini, Wadalit wengi wao. Kuna Dalit Camera kwenye YouTube, kuna Round Table India, na tangu 2021 kuna The Mooknayak, chombo cha habari cha mtandaoni kilichorithi jina la gazeti lile. Sauti zipo. Masikio ndiyo machache, na wewe una masikio elfu arobaini yasiyojua lolote kuhusu jambo hili. Hapo ndipo kazi yako ilipo, kwa maoni yangu, na nitaifikia.

Lakini kwanza lazima uelewe tabaka linavyofanya kazi, la sivyo utapiga picha ya moshi ukiacha moto. Tabaka halionekani usoni. Wewe ukiingia kantini, rangi yako imeshakutangulia kukutambulisha. Rafiki yako angeweza kupita muhula mzima bila kujulikana, mpaka mtu aulize jina lake kamili. Jina la ukoo, kijiji, kazi ya babu, anakula nyama gani, nyumbani kwao ukutani kuna picha ya nani, alipata alama ngapi mtihani wa kuingilia: hayo ndiyo maswali ya kupimia, na huulizwa kwa tabasamu. Ndiyo maana orodha ya udahili ikawa silaha. Katika taasisi za serikali kuu, asilimia 15 ya nafasi hutengewa matabaka yaliyoorodheshwa, 7.5 makabila yaliyoorodheshwa, 27 matabaka mengine yaliyo nyuma. Kwa Mtanzania, ni kama viti maalumu bungeni: mbunge ni mbunge, lakini kuna watu hawatachoka kumkumbusha aliingilia mlango gani. Tangu 2019 kuna pia asilimia 10 ya watu wa kipato cha chini wasiomo katika makundi hayo mengine, na hao sijaona wakitungiwa vikatuni kwa bidii hiyo.

Kiini chake cha kale ni kugusana. Nani achote maji kisima kipi, nani ampikie nani, nani amwoe nani. Kazi za kuchuna mizoga na kusafisha vyoo zilirithishwa kama jina, kisha aliyerithishwa akaambiwa kazi ndiyo imemchafua. Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu Mahad kwenda kunywa maji ya bwawa la umma, jambo ambalo baraza la mji lilikuwa limeshaliruhusu kwenye karatasi. Baadaye wenye matabaka ya juu walifanya ibada ya "kulitakasa" bwawa. Meza inayobaki tupu kantini kwenu ni jambo lilelile, isipokuwa ndoo zimekuwa sahani za chuma. Usilichukulie kama utani wa kitoto wa bwenini.

Sasa fikiria video hiyo ikiingia mtandaoni. Itakutana na watazamaji wa aina mbili, na kila kundi litaielewa vibaya kwa namna yake.

Watu wa nyumbani wataona Mhindi akimfokea Mhindi kwa lugha wasiyoijua. Hawataona tabaka, wataona "Wahindi". Ndani ya saa moja maoni yatakuwa yamehama chuo chako na kuingia Kariakoo na Upanga, duka la fulani, bosi wa fulani alivyomlipa. Afrika Mashariki tunajua njia hiyo huishia wapi. Uganda 1972 haiko mbali kiasi hicho. Umetaka kupinga chuki ya kuzaliwa, umeishia kufungulia nyingine.

Watu wa India, kinyume chake, wataelewa upesi mno. Mtu ataweka tafsiri chini, mwingine atatambua ukumbi, wa tatu atalijua shati. Kufunika sura hakutasaidia sana, kwa sababu bwenini kila mtu anajua nani alitukanwa siku ile. Kisha itakuja hoja ya zamani: huyu ni Mdalit kweli? Kwa Vemula mjadala uligeuzwa hivyo hata baada ya kifo chake, miaka na miaka watu wakibishana kuhusu cheti cha tabaka cha marehemu badala ya waliomfukuza. Rafiki yako atatakiwa na watu asiowajua athibitishe aibu waliyompa.

Na usitegemee mitandao yenyewe imlinde. Facebook, Instagram, YouTube na X zote zinataja tabaka katika kanuni zao dhidi ya chuki. Ugumu uko kwenye maneno. Jina la tabaka linalotumiwa kama tusi ndilo hilohilo lililoandikwa kwenye cheti cha serikali cha mwenyewe, na ndilo analoweza kulitamka kwa fahari kwenye wimbo wa kumsifu Ambedkar. Mashine inayochuja lugha haijui tofauti. Matusi yanaweza kubaki, na posti ya anayelalamika ikafutwa kwa kuwa imelinukuu tusi. Hata wakubwa wa mitandao hiyo hawako salama na moto wa jambo hili. Mwaka 2018 mkuu wa Twitter alipigwa picha Delhi ameshika bango alilopewa na mwanaharakati Mdalit, lililopinga mfumo dume wa Kibrahmini, yaani wa tabaka la juu kabisa. Kelele zilizofuata zilimfanya mmoja wa viongozi wa kampuni aombe radhi hadharani. Hiyo ni kampuni yenye mawakili wa kujaza basi. Wewe una simu na viza ya mwanafunzi.

Utaniuliza, basi mitandao haina faida? Inayo, na kubwa. Julai 2016 huko Una, Gujarat, vijana wa familia ya wachuna ngozi walipigwa kwa fimbo hadharani kwa sababu ya kumchuna ng'ombe aliyekwisha kufa. Waliopiga ndio waliorekodi, wakasambaza wenyewe kwa majigambo. Video ikawageuka. Lakini tazama ni nini hasa kilichoitikisa serikali ya jimbo. Wadalit waligoma kuondoa mizoga, mingine wakaimwaga mbele ya ofisi za serikali, kisha wakaandamana kwa miguu kutoka Ahmedabad hadi Una, wakafika tarehe 15 Agosti, siku ya uhuru. Vivyo hivyo, Machi 2018 uamuzi wa mahakama ulipolegeza sheria ya 1989, wito wa mgomo wa tarehe 2 Aprili ulipita sana kwa WhatsApp na Facebook, watu wakajitokeza mitaani nchi nzima, baadhi wakauawa, na Agosti Bunge likarudisha makali ya sheria. Mtandao ulibeba kitu ambacho tayari kilikuwa na miguu: watu waliokwisha kukubaliana, wanaojua wanadai nini. Klipu yako haina miguu bado.

Kwa hiyo jibu langu la sasa ni usiirushe. Itunze.

Itunze vizuri, maana huenda hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ulivyonavyo. Faili la asili libaki kwenye simu iliyorekodi, bila kukatwa wala kuongezwa maandishi. Usitegemee nakala uliyojitumia kwa WhatsApp, kwa sababu WhatsApp hubana video na kufuta taarifa za lini na kwa kifaa gani ilirekodiwa. Mahakama za India hutaka cheti cha mwenye kifaa kwa ushahidi wa kielektroniki, na mwenye kifaa ni wewe. Hamisha mazungumzo ya grupu yote pamoja na tarehe, zaidi ya zile skrinishoti, kabla wenyewe hawajafuta. Andika ulichokiona siku ile: saa, mahali, nani walikuwepo, maneno gani yalitamkwa. Hilo la nani walikuwepo lina uzito usioudhania. Sheria ya 1989 huhesabu tusi la tabaka kuwa kosa likitolewa mahali ambapo watu wanaweza kuona au kusikia, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Juu ilisema yanayosemwa ndani ya kuta nne bila watu wa nje kushuhudia hayaingii. Ukumbi wenye watu ni jambo jingine. Kuhusu mtandaoni, mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kerala ilikubali kwamba matusi ya tabaka yaliyowekwa kwenye intaneti yanaweza kuhesabiwa kuwa yametolewa mbele ya umma. Kama grupu la WhatsApp la darasa linatosha, hilo ni swali la wakili kulitazama. Mimi sitaliamua kwa barua.

Wakili si lazima awe wa kulipia. Sheria ya misaada ya kisheria ya 1987 inampa mtu wa tabaka lililoorodheshwa haki ya wakili wa bure bila kujali kipato. Ofisi iko katika kila wilaya na namba yao ya taifa ni 15100. Kuna pia 14566, namba ya taifa ya malalamiko ya ukatili wa tabaka. Chuoni, muulizieni afisa wa kupinga ubaguzi na ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa matabaka na makabila yaliyoorodheshwa. Barua ipelekwe kwa maandishi, mpate nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Chuo kisipojibu, ipo Tume ya Taifa ya Matabaka Yaliyoorodheshwa, chombo cha kikatiba.

Nikwambie pia upande wa pili, usije ukadhani nakupa njia ya lami. Ofisi nyingi za vyuo hazina meno. Polisi huchelewa kuandikisha, na kesi huvuta miaka kuliko shahada yenyewe. Aliyetukana yuko mwaka wa mwisho, ataondoka na cheti chake. Rafiki yako anaweza kupima haya yote akaamua kuhama bweni na kumaliza masomo yake kimya kimya. Huo nao ni uamuzi wa mtu mzima, na usiufanye aonekane mwoga kwa kuwa wewe ulikuwa na klipu nzuri. Wako Wadalit wanaoficha majina yao maisha yote ili walale kwa amani. Kumtangaza mtu tabaka lake bila idhini yake ni madhara kamili, hata ukitangaza kwa nia ya kumtetea.

Sasa wewe mwenyewe. Januari hiyohiyo ya 2016, wiki mbili tu baada ya kifo cha Vemula, mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa sababu ya ajali aliyoisababisha Mwafrika mwingine asiyehusiana naye. Ubalozi ulisimama, waziri wa mambo ya nje wa India wakati ule, Sushma Swaraj, aliandika kwenye Twitter kwamba ameumizwa na tukio hilo la aibu, watu wakakamatwa. Nakumbusha hilo kwa sababu mbili. Unajua mwilini mwako kuchukuliwa kama kundi kulivyo, na hilo litakusaidia kuzungumza na rafiki yako kuliko kitabu chochote. Lakini pia wewe una ubalozi nyuma yako. Yeye anabaguliwa nyumbani kwake, na hana ubalozi.

Ubalozi wenyewe una mipaka. Desemba 2019 mwanafunzi wa Kijerumani wa chuo cha teknolojia cha IIT Madras alilazimika kuondoka India baada ya kushiriki maandamano ya kupinga sheria mpya ya uraia. Februari 2020 mwanafunzi wa Bangladesh katika Chuo Kikuu cha Visva-Bharati aliandikiwa notisi ya kuondoka baada ya kuweka picha za maandamano hayo Facebook. Mwanafunzi wa Kipolandi wa Chuo Kikuu cha Jadavpur naye aliandikiwa, akaenda mahakamani Kolkata, akashinda Machi 2020. Kesi hizo hazikuhusu tabaka, lakini zinakuonyesha ofisi ya uhamiaji inavyoweza kusoma posti ya mgeni. Kabla ya kurusha chochote kinachotaja chuo, mtu au chama cha siasa, ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na uulize ubalozini New Delhi ana kwa ana. Ukipokea barua yoyote ya uhamiaji, tafuta wakili siku hiyo. Usiijibu mwenyewe, wala usiipige picha ukaiweka kwenye stori.

Unachoweza kuanza nacho kesho bila kumgusa rafiki yako ni kueleza, kwa Kiswahili. Hadithi ya bwawa la Mahad inatosha video ya dakika mbili na inamwingia mtu wa Tandahimba bila mkalimani. Ya mji wa Una, na mizoga iliyoachwa ioze ili serikali ielewe nani alikuwa akiisafishia, ni nyingine. Mtu aliyeanzisha gazeti kwa kuwa magazeti yalikataa hela yake ni ya tatu. Tumia yaliyokwisha andikwa na Wadalit wenyewe, wataje, weka viungo vyao, ili mtazamaji wako akimaliza aende kwao. Tumia neno wanalojiita. "Harijan", jina alilolieneza Gandhi kuwaita hivyo, wengi wao wanalikataa. Usiweke muziki wa huzuni, usiwapige picha watu maskini barabarani kuwa pambo. TikTok imefungwa India tangu Juni 2020, kwa hiyo wanafunzi wa Kiafrika walio huko utawafikia Instagram na YouTube, na hao nawataka sana wakusikie, maana wengine wameshaanza kurudia utani wa "kota" ili wakubalike na wenyeji.

Utaulizwa pia: na kwenu je? Jibu uwe nalo. Zungumza kuhusu Watwa wa Burundi na Rwanda, ambao majirani zao walinunua vyungu vyao lakini hawakukubali kula nao chungu kimoja wala kuoana nao. Zungumza kuhusu koo za Kisomali zilizoitwa za mafundi na wawindaji, ambazo mpaka leo posa zao hukataliwa. Ukianzia huko, maoni ya "Wahindi ndivyo walivyo" yatapungua yenyewe. Yatakayobaki, yafute. Ukurasa ni wako.

Baadaye, akipata nguvu, rafiki yako anaweza kukwambia anataka klipu ionekane. Mwulize tena baada ya siku chache, akiwa ameshakula na kulala. Wakili aione kwanza, barua ya malalamiko iwe imeshapokelewa, familia yake iwe inajua, maana kijijini watasikia. Muulize kama angependa itoke kwenye chombo cha Wadalit chenye wahariri waliozoea kuficha utambulisho wa mlalamikaji, wewe uisambaze tu kutoka huko na kuieleza kwa Kiswahili. Mimi ningechagua hivyo. Maelezo ya chini ya video ayaandike yeye au ayasome kabla. Funga maoni kwa siku za kwanza, na umwombe mtu mwingine ayasome kwa niaba yake. Na akisema ifutwe, ifute siku hiyohiyo bila kumdai sababu.